Kuonwa na Kuonana: Barua za Watu wa Maonyesho wa Afrika Mashariki Nchini Ujerumani, 1896–1944

Waswahili husema kwamba waraka ni nusu ya kuonana. Katika methali hii neno lililo zito ni lile la mwisho. Kitenzi ona kikitiwa kiambishi cha kutendana huwa onana, nacho hudai watu wawili ambao kila mmoja ni mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja. Kikitiwa kiambishi cha kutendwa huwa onwa, na hapo mtu mmoja hubaki na macho, na mwingine hubaki kitu cha macho hayo. Tofauti ya viambishi hivi viwili yafaa kuwa mwanzo wa habari za watu wa Afrika Mashariki waliochukuliwa kwenda kuonyeshwa katika viwanja vya Ulaya. Uwanjani walikuwa watu wa kuonwa. Katika barua zao walidai kuonana.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza maisha na maandishi ya watu hao, hasa ya mmoja wao aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 na kufa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen mwaka 1944. Mambo hayo yawahusu wachunguzi wa Kiswahili kwa sababu iliyo wazi: uwanja wa maonyesho na darasa la lugha havikuwa mbali kama inavyodhaniwa, na mara nyingine mtu mmoja alisimama katika vyote viwili. Historia ya elimu ya Kiswahili huko Ulaya haiwezi kukamilika ikiwa darasa litatajwa na uwanja ukaachwa.

Yafaa kwanza kulitazama neno lenyewe. Sarakasi ni neno la kukopa. Kwa Wazungu lilikuwa jina la uwanja wa mviringo, pamoja na farasi wake, wanyama wakali, wapita kambani na wachekeshaji. Wahindi hulitamka sarkas, na umbo hilo li karibu sana na la Kiswahili. Lakini maana haikubaki palepale. Katika Kiswahili sarakasi imekuwa zaidi mchezo wa viungo: kupiga pindu, kupandana mabegani, kujikunja na kujikunjua. Mtu hupiga sarakasi kama apigavyo ngoma. Yaani neno limemwelekea mtenda likamwacha mtazamaji. Kwa mambo yanayofanywa ili macho yadanganyike, lugha ilikuwa tayari na maneno yake, kiinimacho na mazingaombwe. Basi msemaji wa Kiswahili asikiapo sarakasi humfikiria mtu mwenye ustadi. Lakini watu wa kwanza wa pwani na bara waliosimama katika viwanja vya Ujerumani hawakupelekwa huko kwa ustadi wao. Walipelekwa wakae tu, wapike, wasuke, wacheze ngoma, na wengine walipe kiingilio ili kuwatazama.

Desturi hiyo ilikuwa imeanza zamani kidogo. Mwaka 1875 Carl Hagenbeck wa Hamburg, mfanya biashara ya wanyama, aliwaleta Wasami wa kaskazini ya Ulaya pamoja na kulungu wao, akawaonyesha kwa fedha. Biashara ikamfaa, na mwaka uliofuata akaleta watu wa Nubia. Wafanya biashara wengine wakamwiga. Watu, wanyama na nyumba za majani vilipangwa pamoja katika bustani za wanyama na viwanja vya sarakasi, na utaratibu wa kuwaajiri watu ukaenda sambamba na utaratibu wa kuwanunua wanyama.

Makoloni yalipopatikana, serikali nayo ikaingia katika jambo hilo. Mwaka 1896, tangu tarehe 1 Mei hata tarehe 15 Oktoba, yalifanyika Berlin maonyesho makubwa ya viwanda katika bustani ya Treptow, na wageni waliohudhuria walizidi milioni 7. Ndani yake palikuwa na sehemu ya makoloni, na watu zaidi ya 100 walichukuliwa kutoka Togo, Kameruni, Afrika ya Kusini-Magharibi, Afrika ya Mashariki na Guinea Mpya ili wakae humo. Miongoni mwao walikuwamo Waswahili na Wamasai. Palijengwa pia mfano wa ngome ya Isike, mtemi wa Unyanyembe, ulioitwa Kwikuru kwa Siki. Neno kwikuru ni la Kinyamwezi, nalo lina undugu na ikulu ya Kiswahili. Isike alikuwa amekufa Januari 1893, ngome yake ilipovunjwa na majeshi ya Wajerumani. Hivyo kabla haijapita miaka 4 nyumba ya mtemi ilikuwa imegeuzwa pambo la kufurahisha watazamaji wa Berlin.

Walioletwa hawakuukubali msimamo waliopewa bila ya neno. Felix von Luschan, aliyepewa kazi ya kuwapima na kuwapiga picha, alikuta wengine wanakataa kupimwa, na wengine hawataki kupigwa picha ila wamevaa nguo zao za Kizungu. Friedrich Maharero wa Waherero alikuwa mmoja wa waliokataa kuvaa vile watazamaji walivyotaka. Kijana mmoja wa Kameruni, Kwelle Ndumbe, alijinunulia darubini ya kutazamia michezo ya jukwaani, akawageuzia watazamaji. Kwa kitendo hicho alikitia kitenzi kiambishi cha kutendana. Wamtazama, naye awatazama.

Wapenzi wa maonyesho hayo nao walikuwa na barua zao, ambazo pengine ndizo zilizosalia kwa wingi zaidi. Penye maonyesho ya namna hiyo ziliuzwa kadi za posta zenye picha za watu walioonyeshwa. Mtazamaji alinunua kadi, akaandika nyuma yake salamu kwa nduguye au kwa rafiki, akaitia posta. Kwa mchunguzi wa barua kadi hizo ni jambo la ajabu. Mwandishi ana jina, mwandikiwa ana jina na anwani, stempu ina tarehe. Asiye na jina ni yule aliye pichani, naye ndiye sababu ya kadi kununuliwa. Ameitwa tu Mmasai, au Mswahili, au askari. Barua za walioonyeshwa ni kinyume cha kadi hizo: zina jina na dai, lakini hazina picha. Mwenye kutaka kuijua historia hii atapotea akizisoma kadi bila ya barua.

Wakati huohuo, katika mji huohuo wa Berlin, Kiswahili kilikuwa kinafundishwa. Seminari ya Lugha za Mashariki ilifunguliwa mwaka 1887, na mwalimu wake wa Kiswahili, Carl Gotthilf Büttner, alihitaji wasemaji wa lugha wakae na wanafunzi. Amur bin Nasur wa Unguja alifanya kazi hiyo tangu 1891 hata 1895. Habari alizoziandika mwenyewe juu ya maisha yake zilichapishwa katika mkusanyo wa Büttner wa mwaka 1894, nazo ni miongoni mwa maandishi ya kwanza ya Kiswahili ambamo Mwafrika wa Mashariki aieleza Ulaya kwa macho yake. Kabla ya hapo, mwaka 1892, Büttner alikuwa amechapisha maandiko ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, mengi yao barua. Kwa hiyo barua ndiyo iliyokuwa kitabu cha kusomea. Maofisa waliokuwa tayari kusafiri kwenda koloni walijifunza lugha kwa kusoma barua za watu ambao baadaye wangewatawala.

Barua ya Kiswahili ya zamani hizo ilikuwa na taratibu zake. Ilianza kwa kumtaja mwandikiwa pamoja na sifa zake, ikafuata salamu kwa Kiarabu, kisha neno la kutenga salamu na shauri, ama baad, au nakuarifu. Hali ya mwandishi ilitajwa kuwa njema kwanza, hata kama barua yenyewe imeletwa na shida, maana si adabu kumvamia mtu kwa msiba kabla ya kumjulia hali. Baada ya hayo ndipo lilipokuja dai, au ombi, au habari ya deni. Mwisho ilifungwa kwa salamu tena. Utaratibu huu haukuwa pambo tupu. Uliwaweka mwandishi na mwandikiwa mahali pao, kila mtu na heshima yake, kabla ya neno la haki kusemwa. Anayedai hakuwa mwombaji wa sadaka. Alikuwa mwenzi katika maongezi, ijapokuwa mwandikiwa alikuwa liwali au balozi.

Msimamo huo wa mtu anayejua kudai ndio uliomletea matata Mtoro bin Mwinyi Bakari. Mtu huyu wa Dunda, karibu na Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 pamoja na Carl Velten, akawa mwalimu wa lugha katika Seminari. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Velten mwaka 1903, ni kazi yake kwa sehemu kubwa. Darasani alitaka aheshimiwe kama waheshimiwavyo walimu. Wanafunzi, ambao kesho yake wangekuwa maofisa, hawakupenda. Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, mwanamke wa Kijerumani. Mwaka 1905 alitoka katika Seminari, akasafiri na mkewe kurudi kwao, lakini serikali ya koloni ikamkataza kushuka pwani pamoja na mkewe. Walirudi Ujerumani, naye akawapelekea wakubwa malalamiko yake kwa maandishi. Tangu 1909 hata 1913 alifundisha Hamburg, katika Taasisi ya Makoloni alipokuwapo Carl Meinhof. Baadaye alipata riziki kwa kuzunguka mijini akitoa hotuba juu ya Afrika Mashariki huku picha zikionyeshwa kwa taa. Alifariki mwaka 1927.

Maisha ya Mtoro yaonyesha mpaka ulivyokuwa mwembamba. Mwanachuoni aliyeandika desturi za watu wake kwa ukamilifu usio na mfano katika zamani zake aliishia kupata chakula kwa kusimama mbele ya watazamaji. Lakini ipo tofauti moja isiyofaa kusahauliwa: katika hotuba zake alikuwa akisema. Mtu wa maonyesho hakuajiriwa aseme. Akisema lugha yake, maneno yake yalikuwa sauti tu masikioni mwa watu, kama mlio wa ngoma.

Mwaka 1901 serikali ya Ujerumani ilikataza watu wasichukuliwe tena kutoka makoloni yake kwa ajili ya maonyesho. Sababu yake haikuwa huruma tu. Wakubwa waliogopa kwamba mtu akikaa sana Ulaya ataiona hali ya Wazungu ilivyo, kisha atarudi kwao asitii. Hivyo wenye maonyesho wakawa wakiwatafuta Waafrika waliokwisha kukaa Ulaya tayari. Vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha, Ujerumani ikanyang'anywa makoloni, na Waafrika waliokuwa huko wakabaki bila ya nchi iliyowakiri. Kazi zilikuwa chache. Milango iliyobaki wazi ilikuwa ya hoteli na baa, ya filamu, na ya sarakasi.

Katika hali hiyo ndipo alipofika Berlin, mwaka 1929, kijana aliyeitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani mwenye cheo cha efendi. Mtoto alijifunza Kijerumani mapema, akawa karani huko Lindi angali mdogo, na vita vilipoanza mwaka 1914 akaingia jeshini pamoja na baba yake, umri wake miaka 10. Alijeruhiwa katika vita vya Mahiwa, Oktoba 1917, akatekwa na Waingereza. Vita vilipokwisha alifanya kazi melini, na tangu 1925 alikuwa mtumishi wa mezani katika meli za Kijerumani za Afrika Mashariki. Ujerumani alijulikana kwa jina la Mohamed Husen. Jina lake la kwanza, Mahjub, kwa Kiarabu ni aliyesitiriwa, nalo limetoka katika shina moja na hijabu. Ulimwengu ulimtendea kinyume cha jina lake.

Jambo lililompeleka Berlin lilikuwa deni. Alidai mshahara wa vita ambao yeye na baba yake hawakulipwa. Wizara ya Mambo ya Nje ilimjibu kwamba muda wa kudai umekwisha kupita. Hapo ndipo alipoanza kuwa mtu wa barua. Mwaka 1934 ilipoanzishwa nishani ya heshima kwa waliopigana vita vya 1914–1918, aliiomba, akanyimwa. Akajinunulia mwenyewe nishani na sare ya askari, akawa anavivaa penye mikutano ya watu waliotaka makoloni yarudishwe. Vita vipya vilipoanza, Septemba 1939, aliomba kuandikwa jeshini, akakataliwa. Ukizipanga barua hizi mfululizo, kila moja yadai jambo moja kwa sura nyingine: ya kwanza mshahara, ya pili nishani, ya tatu nafasi katika safu. Zote zasema, mimi nilitumika, basi nikirini. Wala hazifai kusomwa kama ushahidi wa mapenzi yake kwa utawala ule, kama zilivyosomwa na waliopenda habari za askari mwaminifu. Mwenye kudai deni hulazimika kumtaja mdaiwa kwa heshima. Hiyo ni adabu ya barua, tena ni hekima ya mtu asiye na mlinzi.

Maisha yake ya kila siku yalikuwa mchanganyiko wa kazi. Tarehe 27 Januari 1933 alimwoa Maria Schwandner. Siku 3 baadaye Hitler akashika serikali. Alikuwa mtumishi katika Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe penye uwanja wa Potsdam, ambako kila baa ilipambwa kwa mfano wa nchi fulani; yeye, Mswahili, aliwekwa katika baa ya Marekani ya magharibi. Mwaka 1935 alifukuzwa baada ya kusingiziwa na wenzake wa kazi. Aliigiza sehemu ndogondogo katika filamu zaidi ya 20. Aidha alifundisha Kiswahili, kwa ujira mdogo, kama msaidizi wa lugha katika chuo kilekile alichofundisha Amur bin Nasur na Mtoro, wakati wa Diedrich Westermann. Hiyo ndiyo kazi ambayo majaribio ya kuandika historia ya Kiswahili hayapaswi kuiruka. Wanafunzi wa Berlin wa miaka ile waliisikia lugha kutoka kinywani mwake, na jioni yake watu wa mji waliweza kumwona katika filamu akiwa mchukuzi au boi asiye na jina.

Katika miaka hiyohiyo lilikuwako kundi lililoitwa Maonyesho ya Kijerumani ya Afrika. Mwanzo wake umo katika barua. Kwassi Bruce, mpiga piano mzaliwa wa Togo, aliletwa Berlin angali mtoto mdogo kwa ajili ya maonyesho ya 1896, akalelewa huko. Mwaka 1934 aliiandikia serikali barua ndefu akieleza jinsi Waafrika wa makoloni ya zamani walivyofukuzwa kazini na kukosa riziki, akapendekeza njia za kuwasaidia. Kundi la kuzunguka na michezo likaundwa na Waafrika wenyewe pamoja na mwenye maonyesho mmoja wa Kijerumani, ili wapate kula. Mwaka 1936 serikali ikalichukua, ikaligeuza chombo cha kuhubiri kurudishwa kwa makoloni na cha kuwaweka Waafrika mahali pamoja chini ya macho yake. Watu wa kundi walizunguka miji midogo, wakilala katika magari ya safari kama watu wa sarakasi, wakionyesha ngoma, nyimbo, viinimacho na kula moto. Husen naye alishiriki, kazi yake kuwa askari wa zamani. Mwaka 1940 likavunjwa, kwa kuwa wakubwa wa chama hawakutaka tena Mwafrika aonekane jukwaani.

Mambo yaonyesha hapa jinsi barua ilivyoweza kumgeukia mwandishi. Kwassi Bruce alitaka kuonana na serikali. Alitaka mkono wa kumsaidia mtu mwenzake. Serikali ilijibu kwa kumrudisha uwanjani. Alikuja kwa kuonyeshwa akiwa mtoto, na baada ya miaka 40 hapakupatikana kwa ajili yake njia nyingine ya kukubaliwa ila ileile.

Mwisho wa Husen ulikuja mwaka 1941. Aliacha kazi ya chuoni baada ya ugomvi. Katika mwaka huo ilitoka filamu ya Carl Peters, ambamo aliigiza Ramasan, kiongozi wa njia na mkalimani wa yule aliyeitwaa nchi yake kwa mikataba ya hila. Agosti alikamatwa kwa ajili ya uhusiano wake na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa Sachsenhausen pasipo kuhukumiwa na mahakama yo yote. Alikaa humo miaka 3, akafa tarehe 24 Novemba 1944. Mwaka 2007 Marianne Bechhaus-Gerst, mtaalamu wa lugha za Kiafrika huko Köln, alichapisha kitabu cha maisha yake, na mwaka huohuo liliwekwa jiwe dogo la ukumbusho mbele ya nyumba aliyokaa katika mtaa wa Brunnen, Berlin. Mwaka 2013 ilitoka filamu ya Eva Knopf juu ya safari yake. Habari nyingi za vitabu na filamu hizo zisingalijulikana kama Husen asingaliandika. Waliomnyima haki ndio waliozihifadhi barua zake katika majalada yao; dai lisilolipwa likawa wasifu.

Yafaa kusemwa kwamba sarakasi yenyewe haikubaki katika hali ile. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, na wizara ya utamaduni wa taifa kuundwa mwaka 1962, michezo ya jukwaani ikapewa nafasi mpya. Katika miaka ya kati ya 1960 kikundi cha vijana wa Tanzania kilipelekwa Uchina kujifunza sarakasi, na waliporudi likaanzishwa kundi la sarakasi la taifa mwaka 1969. Baadaye mafunzo hayo yakaendelezwa katika Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo, kilichofunguliwa mwaka 1981. Huko Nairobi shirika la Sarakasi lilianzishwa mwaka 2001. Mchezaji wa namna hii huonwa pia, lakini huonwa kwa kazi aliyojifunza, na jina lake huweza kutangazwa. Hapo ndipo maana ya Kiswahili ya sarakasi, ile ya ustadi wa mtenda, ilipothibitishwa na historia.

Lakini jambo la kuonwa bila ya kuonana halikuondoka pamoja na makoloni, wala si jambo la Berlin peke yake. Laweza kuchunguzwa hata bara, katika nchi iliyo mbali na jukwaa lo lote. Katika wilaya za Mbulu na Hanang, toka Masieda hata bonde la Yaeda na miteremko ya mlima Hanang, hukutana lugha za asili nne: Kiiraqw kilicho cha Kikushi, Kidatoga kilicho cha Kinailo, lugha za Kibantu, na Kihadza kisichojulikana undugu wake. Hakuna mahali pengi ulimwenguni penye mkutano wa namna hiyo, na kwa sababu hiyo watazamaji wamekuja mmoja baada ya mmoja. Erich Obst alifika kwa Wahadza mwaka 1911, akawaandika kwa jina la Wakindiga. Dorothea Bleek alifika mwaka 1930, kisha Ludwig Kohl-Larsen katika miaka ya 1930. Siku hizi watalii hupelekwa kando ya Ziwa Eyasi kuwatazama Wahadza wakilenga upinde na kupekecha moto.

Majina yenyewe yabeba alama ya macho ya wengine. Wairaqw waliitwa Wambulu kwa jina la mahali penye boma. Wadatoga waliitwa Wamang'ati na majirani zao. Wahadza waliitwa Wakindiga au Watindiga. Hayo ni majina ya kuonwa. Majina ya kuonana ni yale wanayojiita wenyewe. Kurudishwa kwa majina yao katika vitabu vya wataalamu ni kazi nzuri, lakini haitoshi. Mtu akaaye mbele ya chombo cha kunasa sauti, akaulizwa aseme neno fulani mara tatu, yu karibu sana na mtu wa maonyesho ya 1896 asipoandikwa jina, asipolipwa ujira wake kwa haki, na asipopewa njia ya kujibu. Tena lugha ambayo atatumia kuandika malalamiko yake, akiwa Masieda au Yaeda, aghalabu itakuwa Kiswahili. Hapo Kiswahili hupata kazi ileile iliyofanywa na barua za zamani: kumpa mtu wa upande huu mlango wa kumfikia mtu wa upande ule.

Basi yawapasa wachunguzi wa lugha kufanya mambo mawili. La kwanza ni kuzitafuta barua za watu wa maonyesho na za wasaidizi wa lugha katika majalada ya Ujerumani na kwingineko, na kuzichapa kwa maneno yao wenyewe, si kwa muhtasari wa makarani waliozijibu. La pili ni kuzisoma kwa kanuni za barua ya Kiswahili, ili dai lisidhaniwe kuwa uombezi wala adabu isidhaniwe kuwa unyenyekevu. Amur bin Nasur, Mtoro bin Mwinyi Bakari na Mahjub bin Adam Mohamed walifundisha Kiswahili kwa watu waliowatazama bila ya kuwaona. Majina yao yastahili kuandikwa katika orodha ya walimu wa lugha hii, mbele ya majina ya wale waliojifunza kwao. Waraka ni nusu ya kuonana. Nusu ya kwanza waliitimiza wao, na nusu iliyobaki ni ya msomaji.